Kielezi "presently" cha Kiingereza: maana yake ni "sasa" au "baada ya kitambo", na kilitoka wapi?

#1 KaraniWaGati

Salaam wanajamvi. Naleta swali lililozua ubishi mkali ofisini kwetu, na naomba wenye elimu ya lugha walichambue, kwa sababu limeshaanza kutugharimu pesa. Mimi ni karani kwa wakala wa forodha hapa Mombasa. Kampuni moja ya meli ilituandikia barua pepe saa nane mchana ikisema "The vessel will berth presently". Msimamizi wangu akaielewa kwamba meli inafunga gatini wakati uleule, akaamuru malori yatoke Miritini yaje kusubiri makasha. Meli ikabaki nangani, malori yakalala Changamwe kando ya barabara, na madereva wakadai posho ya usiku ambayo mteja hataki hata kuisikia. Tulipolalamika tulijibiwa kwamba neno hilo maana yake ni "baada ya muda mfupi", na kwamba kila aliyesoma Kiingereza analijua hilo.

Kesho yake karani mwingine wa kampuni ileile akatuandikia "The vessel is presently at the outer anchorage", yaani meli ipo nangani sasa hivi. Je, neno moja linawezaje kuwa "sasa" leo asubuhi na "baadaye" jana mchana? Maana ya asili ni ipi, na nani ana haki ya kumwambia mwenzake kwamba hajui Kiingereza?

#2 BintiFreretown

Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili huku Kisauni, na swali hili huniletea kazi kila mwaka. Mimi huwaambia wanafunzi wangu hivi: kitazameni kitenzi kwanza. Kielezi hiki kikiandamana na kitenzi cha wakati uliopo, kama "is presently", maana yake ni "sasa". Kikiandamana na wakati ujao, kama "will presently", maana yake ni "baada ya kitambo kidogo". Kwa hiyo barua zote mbili zilikuwa sawa kisarufi. Jueni pia kwamba matumizi ya "sasa" ni ya kawaida Marekani na Uskoti, ilhali Waingereza wengi wa shule ya zamani huyakataa na kusema kwamba mtu aandike "at present".

#3 Wakala_Mkongwe

Mwalimu, nakuheshimu, lakini kanuni yako haitoshi bandarini. Mtu akiandika "The pilot is boarding presently", kitenzi kiko katika wakati uliopo, na bado sijui kama rubani yuko ngazini au anakunywa chai ofisini. Meli haifungi gatini kwa vielezi. Inafunga kwa rubani, kwa meli za kuvuta, kwa maji kujaa na kwa gati kuwa tupu, na kila kimojawapo kina saa yake. KaraniWaGati, wajibuni hao watu waandike tarehe na saa, na neno lao walihifadhi.

#4 KaraniWaGati

Mzee Wakala, ushauri huo tumeupokea na barua imeshakwenda. Hata hivyo nataka kujua habari ya neno lenyewe, kwa sababu sisi ndio tuliotiwa ujinga.

#5 MwalimuMstaafu

Swali zuri, na jawabu lake linahitaji subira. "Presently" limeundwa kwa vipande viwili. Cha kwanza, "present", kilipitia Kifaransa cha Kale kutoka Kilatini "praesens", ambalo ni umbo la kitenzi chenye maana ya kuwa mbele, kuwapo, kuwa karibu na mkono. Cha pili, "-ly", ni cha Kiingereza chenyewe, nacho kina historia inayonivutia kuliko ya kipande cha kwanza: kilikuwa neno kamili, "lic", lenye maana ya mwili au umbo. Neno hilo limesalia katika "lychgate", lile lango lenye paa katika viwanja vya makanisa ya Uingereza ambamo jeneza hutuliwa kabla ya maziko, na Wajerumani mpaka leo huita maiti "Leiche". Basi kila unapoona kielezi kinachoishia kwa "-ly", mzizi wake ni "kwa umbo la jambo fulani". "Presently" ni "kwa umbo la kilichopo".

Mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, neno hili lilipoanza kuonekana katika maandishi, maana zake zilikuwa mbili zinazokaribiana: "kwa wakati huu" na "papo hapo". Maana ya "baada ya kitambo" haikuwapo. Hiyo ilijitokeza katika karne ya 16, na ndiyo iliyokuja kutawala Uingereza. Kwa ufupi, KaraniWaGati, msimamizi wako alilisoma neno kama angelisoma Mwingereza wa zamani, na waliowajibu walilisoma kama Mwingereza wa leo.

#6 Kijana_wa_Bamburi

Mwalimu amesema kweli tupu, nami naongeza sababu. Neno lilikuwa "papo hapo" likawa "baadaye" kwa sababu ya binadamu na ahadi zake. Muulize mtu yeyote hapa Mombasa aliyempigia fundi simu. Fundi anasema "naja sasa hivi", na huku nyuma unasikia televisheni ya nyumbani kwake. Ukishamsikia mara nyingi, "sasa hivi" yake unaipima kwa saa, na mwisho unaipima kwa siku. Waingereza nao walidanganyana kwa "presently" mpaka neno likachoka.

#7 MsomajiWaRabai

Kijana, dai lako lina ushahidi katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James. Katika Mathayo 21:19 Yesu anaulaani mtini, na tafsiri hiyo inasema "And presently the fig tree withered away". Mwanafunzi wa leo anaweza kudhani kwamba mti ulikauka baada ya muda, lakini neno la Kigiriki hapo ni "parachrema", yaani papo hapo, na huo ndio muujiza wenyewe. Ukiondoa upesi wake, unabaki na mti uliokufa kwa ukame. Aya inayofuata inawaonyesha wanafunzi wakistaajabu, na Kiingereza chake ni "How soon is the fig tree withered away", ambapo "soon" nalo lina maana ya "upesi".

Marko 6:25 inatisha zaidi. Binti wa Herodia anaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by". Kwa Kiingereza cha sasa ungedhani anasema kwamba hana haraka, wakati ule alikuwa anakitaka palepale, karamu haijaisha. Na Luka 21:9, "the end is not by and by", inasema kwamba mwisho hauji mara, wala si kwamba hauji kamwe. Nimewahi kusikia hotuba nzima iliyojengwa juu ya kuisoma vibaya aya hiyo.

#8 MwalimuMstaafu

Ahsante sana, MsomajiWaRabai, kwani mifano hiyo inaonyesha kwamba "presently" halikuwa peke yake. Lilikuwa katika msafara. "Soon" katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "sona", na maana yake ilikuwa "mara moja", si "karibuni". "By and by" lilianza kwa maana ya "mmoja mmoja, kwa kufuatana", likawa "mara", kisha likawa "hapo baadaye". "Anon", ambalo leo limebaki katika mashairi, lilitokana na "on an", yaani "katika moja". Watu wa pwani wataona jambo hapo, kwa sababu sisi pia tunapotaka upesi tunaitumia namba hiyohiyo: "mara moja". Waingereza wana "at once", nalo limejengwa juu ya moja.

#9 MpenziWaTamthilia

Nataka kumuunga mkono Kijana_wa_Bamburi kwa ushahidi wa jukwaani. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV ya Shakespeare, yupo mtumishi wa baa aitwaye Francis. Mwana wa mfalme anamshikilia kwa maneno upande huu huku rafiki yake akimwita kutoka chumba cha pili, na maskini kijana kila akiitwa anajibu "Anon, anon, sir!", wala haondoki aliposimama. Watazamaji walicheka kwa sababu walimfahamu kila mhudumu wa aina hiyo. Igizo hilo lilichapishwa mwaka 1598. Neno lililokuwa na maana ya "mara moja" lilikuwa limeshakuwa kauli ya mtu asiyekuja.

Lakini "presently" kwa Shakespeare bado lina nguvu. Katika The Tempest, Prospero anamwagiza Ariel, na Ariel anauliza kwa neno moja tu, "Presently?", naye anajibiwa "Ay, with a twink", yaani kufumba na kufumbua. Igizo hilo lilichezwa mbele ya Mfalme James mwaka 1611, mwaka uleule wa Biblia aliyoitaja MsomajiWaRabai. Na katika The Merchant of Venice, Antonio, ambaye mali yake yote iko baharini, anamwambia rafiki yake "Go, presently inquire", nenda ukaulize sasa hivi ni wapi pesa zinapatikana. KaraniWaGati, huyo Antonio angekuelewa vizuri, kwani naye aliharibikiwa kwa kungoja meli.

#10 Mkosoaji_Makini

Nimesoma yote, na sikubali maelezo ya uvivu. Ikiwa ahadi zisizotimizwa ndizo zinazochosha maneno, mbona "immediately" halijachoka? Neno hilo limetumika katika kila amri na kila ahadi kwa karne nyingi, na bado maana yake ni papo hapo. Mbona "at once" halijachoka? Nadharia inayoeleza maneno manne na kuyaacha mawili imara haijaeleza kitu.

Mimi naona sababu iko katika mpangilio wa msamiati wenyewe. Lugha inahitaji neno la "papo hapo" na neno la "baada ya kidogo". "Immediately" lilipoingia kutoka Kilatini, likiwa na maana wazi ya "bila kitu katikati", lilichukua kazi ya kwanza, na yale ya zamani yakasukumwa kwenye kazi ya pili. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ni mgawanyo wa kazi tu.

#11 Kijana_wa_Bamburi

Ndugu Mkosoaji, umeigeuza sababu kuwa matokeo. Waingereza walihitaji kuazima "immediately" kwa nini, kama "soon", "anon" na "presently" zilikuwa bado na makali? Neno jipya liliitwa kwa sababu ya zamani yalikuwa yameshalegea. Na "immediately" lenyewe ulipe muda. Ofisi zetu zimejaa barua zenye neno "immediately" ambazo zilijibiwa baada ya miezi.

#12 Mkosoaji_Makini

Barua kucheleweshwa si sawa na maana kubadilika. Aliyeandika "immediately" alimaanisha papo hapo, na aliyeipokea alijua hivyo, ila alikaidi. Nionyeshe mtu mmoja anayesema "immediately" akikusudia kesho, ndipo nitakuamini.

#13 Baharia_Mzee

Kwa "immediately" simjui, lakini kwa "now" ninao watu wa mji mzima. Nilifanya kazi katika meli zilizokuwa zikienda Durban mara kwa mara, na Waafrika Kusini wakikuambia "just now", usisimame mlangoni. Kwao "just now" ni baadaye, huenda baada ya saa moja, huenda jioni. Wakitaka upesi zaidi husema "now now", na hata hiyo si papo hapo. Wenyeji walinieleza kwamba wamefuata Kiafrikana, ambacho kina "netnou" na "nou-nou" kwa mpango huohuo. Mara ya kwanza nilimngoja fundi wa mashine aliyesema "just now" huku nimeshika taa juu ya mahali ambapo kichwa chake kilipaswa kuwapo, na mkono ukafa ganzi. Kwa hiyo, Mkosoaji, ikiwa "now" limeweza kulegea, hakuna neno lenye kinga.

#14 BiMkubwa_Kibokoni

Wanangu, mmesema sana habari za Waingereza na kuisahau lugha yenu. Kiswahili kina tabia hiyohiyo, na mfano mzuri kuliko wote ni "kitambo". Sisi tulikuzwa tukisema "ngoja kitambo kidogo", yaani muda mchache, na neno lenyewe halikuwa na urefu wala ufupi mpaka lipewe sifa. Leo vijana wakisema "hiyo ni ya kitambo", wanakusudia zamani sana. Je, hapo ni nani aliyemuahidi nani? Hakuna ahadi katika mambo yaliyopita, na neno limerefuka vilevile. Kijana_wa_Bamburi anipe jawabu, maana fundi wake hayumo humu.

#15 Kijana_wa_Bamburi

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo umenibana, nami sina budi kulifikiria. Naweza kusema tu kwamba watu huvuta muda wanapohadithia kama wanavyoufupisha wanapoahidi.

#16 BiMkubwa_Kibokoni

Marahaba, mwanangu. Fikiri, lakini usifikiri kwa kitambo.

#17 BintiFreretown

Mfano wa Bi Mkubwa unanikumbusha "hivi karibuni", ambayo hutazama pande zote mbili. "Alifika hivi karibuni" ni jana au juzi, na "atafika hivi karibuni" ni kesho au kesho kutwa, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu kiambishi cha wakati kimeshafanya kazi. Wafaransa wana "tout à l'heure", ambayo nayo ni "punde hivi" kwa yaliyopita na kwa yajayo. Hii ndiyo sababu nashikilia kanuni yangu ya kitenzi, hata kama Mzee Wakala hakuipenda.

#18 Wakala_Mkongwe

Siichukii, mwalimu. Kiswahili kwa kawaida hakimwachi msemaji kusema bila kutia alama ya wakati kama "li", "na" au "ta", basi kielezi kinaweza kulala na sentensi isiharibike. Kiingereza huruhusu "is coming" kuwa sasa na pia kuwa kesho, na hapo ndipo kielezi kinapobebeshwa mzigo wote. Ninyi mnaofundisha muwaambie watoto hivyo.

#19 Mjukuu_wa_Karani

Naomba kutoa maelezo ya jinsi maana ya "sasa" ilivyofika kwetu Kenya. BintiFreretown amesema kwamba Waskoti hulitumia "presently" kwa maana hiyo. Basi jawabu ni rahisi: wamisionari Waskoti ndio waliotufundisha Kiingereza, na tumerithi Kiingereza chao. Babu yangu alikuwa karani wa serikali na aliandika "presently" kwa maana ya "sasa" maisha yake yote.

#20 MsomajiWaRabai

Ndugu yangu, kwa pwani historia hiyo haisimami. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na Rebmann akamfuata mwaka 1846, na wote wawili walikuwa Wajerumani waliotumwa na jumuiya ya Kianglikana ya Uingereza. Wamethodisti wa Ribe, akiwamo Wakefield aliyefika mwaka 1862, walitoka Uingereza. Freretown iliyoanzishwa miaka ya 1870 ilikuwa ya Waanglikana haohao. Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898. Mwalimu Mskoti angemfundisha babu yako kama babu yako angekuwa wa bara.

#21 Mjukuu_wa_Karani

Babu yangu alisomea hapahapa. Hata hivyo Waskoti hawakuwa kanisani peke yake. William Mackinnon, ambaye kampuni yake ya kifalme ya Afrika Mashariki ilifanya Mombasa kuwa makao yake kuanzia mwaka 1888, alikuwa Mskoti, na jina lake liko mpaka leo katika mji wa Mackinnon Road kwenye barabara ya Nairobi. Makarani walijifunza lugha ya barua kwa mabwana wa ofisi, si kwa mapadri.

#22 MwalimuMstaafu

Mjukuu, hoja yako ya ofisi ina uzito kuliko ile ya misheni, ila hatuhitaji Mskoti yeyote ili kueleza barua za babu yako. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inaipa "presently" maana ya kwanza kuwa "kwa wakati huu, sasa", na maana ya pili kuwa "papo hapo, punde baadaye". Yaani London yenyewe, katikati ya karne ya 18, mtunga kamusi mashuhuri kuliko wote aliitanguliza maana ambayo leo Waingereza wanawaambia Wamarekani kwamba ni kosa. Huenda maana ya "sasa" haikufa popote, bali ilipoteza heshima katika vitabu vya wakubwa na kuendelea kuishi katika vinywa vya watu, kisha Marekani na Uskoti wakaendelea nayo.

#23 Mkosoaji_Makini

Mwalimu, iko njia nyingine ambayo ni fupi zaidi. Mtu yeyote anayejua "present" na anayejua "-ly" ataliunda neno hili upya kichwani mwake na kulipa maana ya "sasa", bila kurithi kwa Johnson wala kwa Mskoti. Msimamizi wa KaraniWaGati hakusoma kamusi ya 1755. Aliliona neno "present" ndani ya "presently", akafuata anachokiona. Kama ndivyo, tunachokiita uhai wa maana ya zamani ni kuzaliwa kwake upya, tena na tena, kila mahali ambapo Kiingereza husomwa kwa macho kabla ya kusikiwa kwa masikio.

#24 MwalimuMstaafu

Inawezekana kabisa, na inawezekana pia kwamba njia zote mbili zilikutana. Kutenganisha mrithi na mzaliwa mpya ni kazi ngumu pale wote wawili wanapofanana sura.

#25 Ustadhi_wa_Kuze

Assalaam alaykum. Kwa kuwa mmezungumzia "sasa", naona ifaa tuitazame nayo. Mimi nadhani "sasa" yetu ni ile "as-saa" ya Kiarabu, yaani "saa hii", na Wairaki mpaka leo husema "hassa" kwa maana ya sasa. Ikiwa ni hivyo, tumefanya kama walivyofanya Waingereza: tumechukua jina la kitu, wao kuwapo, sisi saa, tukalifanya kielezi.

#26 MwalimuMstaafu

Waalaykum salaam, Ustadhi. Kufanana kwa sauti na maana ni mwanzo wa uchunguzi na si mwisho wake, nami ningependa kwanza kuona lugha za Kibantu za jirani zinasemaje kabla ya kutia sahihi. Lakini "saa hii" na "saa hizi" za mitaani zinakuunga mkono kwa upande mmoja, kwani zinaonyesha kwamba njia ya kutoka saa kwenda sasa bado iko wazi na watu wanaipita.

#27 Mhudumu_wa_Moi

Nafanya kazi uwanja wa ndege wa Moi, na neno linalotutesa sisi si "presently" bali ni binamu yake, "momentarily". Marubani na wahudumu wa Kimarekani hutangaza kwamba ndege itatua "momentarily", wakimaanisha baada ya dakika chache. Abiria wa Kiingereza aliyezoea neno hilo kwa maana ya "kwa muda mfupi tu" husikia kwamba ndege itagusa chini kisha iondoke tena. Niliwahi kuwaona wazee wawili, mke na mume, wakijadiliana kwa uzito kama watapata nafasi ya kushuka.

#28 BiMkubwa_Kibokoni

Hilo nalo tunalo, mwanangu. "Njoo mara moja" aliyosema MwalimuMstaafu ni amri ya upesi. Lakini "naingia dukani mara moja" si upesi, ni muda mfupi: naingia na kutoka. Na "nilimwona mara moja" si upesi wala si muda, ni hesabu. Maneno mawili, kazi tatu, na sijaona ndege iliyokosa kutua.

#29 MpenziWaTamthilia

Bi Mkubwa, hiyo ni hazina. Inanifanya niione hoja ya adabu, ambayo hakuna aliyeigusa. Nikisema "naomba uje mara moja" kwa mtu ninayemheshimu, naipunguza amri kwa kumwonyesha kwamba sitamchukulia muda wake. Huenda "presently" lililegea kwa njia hiyo pia. Mwenye nyumba akimwambia mgeni "chakula kitakuja papo hapo", anajisifu. Akisema "punde kitakuja", anamstahi. Mtu hachagui neno laini kwa uvivu. Analichagua ili asimbane mwenzake, na mwenzake akilizoea, linakuwa ndilo maana.

#30 Kijana_wa_Bamburi

Hilo nalikubali nusu. Adabu inamfaa mwenye nyumba. Francis wa baa hakuwa na adabu, alikuwa na wateja wengi.

#31 KaraniWaGati

Nawashukuru nyote kwa elimu hii. Nimeichapisha kwenye karatasi na msimamizi ameisoma yote mpaka kwa Johnson, na sasa anadai kwamba alikuwa sahihi tangu mwaka 1755. Kampuni ya meli imekubali kuandika saa, ingawa kuhusu posho ya madereva bado tunavutana. Swali langu la mwisho kwa MwalimuMstaafu: je, "directly" nalo liko katika msafara huo? Mmoja wa makapteni huandika "We will proceed directly", nami sijui kama anazungumzia njia au wakati.

#32 Baharia_Mzee

Kabla mwalimu hajajibu: Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, nilitia nanga Falmouth, na huko hutamka "dreckly". Ukiambiwa kazi itafanywa "dreckly", maana yake ni kwamba itafanywa siku itakapofanywa. Wenyewe hulisema kwa fahari.

#33 MwalimuMstaafu

Liko, na linawavuruga wote waliotoa nadharia humu, nami nikiwamo. "Directly" lilitoka kwenye njia iliyonyooka, likawa wakati ulionyooka, yaani papo hapo. Cornwall limelegea mpaka likawa kama alivyosema Baharia. Lakini katika Uingereza hiyohiyo, mtu husema "Directly I arrived, it rained", yaani "mara tu nilipofika, mvua ikanyesha", na hapo limekazwa kuliko lilivyoanza, hata limeacha kuwa kielezi na kuwa kiunganishi. "Immediately" la Mkosoaji hutumiwa vivyo hivyo. Ikiwa uvivu ndio uliolegeza, au adabu, au mgawanyo wa kazi, basi nani aliyekaza? Kapteni wako, KaraniWaGati, muulize kama anazungumzia njia au saa.

#34 Mkosoaji_Makini

Na "mara" yetu katika "mara alipofika" imefanya safari hiyohiyo kutoka kwenye hesabu. Mwalimu, hili linahitaji uzi wake. Nitaufungua usiku nikitoka kazini, na namuomba Bi Mkubwa aje na mifano ya Kimvita ya "mara" alivyoisikia kwa wazee, hasa ile inayokuja mwanzoni mwa sentensi katika hadithi, kwa sababu hiyo sijaiona ikielezwa vizuri katika kamusi yoyote niliyonayo.